Saa za kusubiri hazipimi alichokitaka mzee

Je, muda wa kusubiri na idadi ya waliolazwa vinatosha kupima huduma ya dharura kwa wazee? Hapana, havikuambii kama mzee dhaifu amepata alichokifuata idara ya dharura. Hivyo vinapima hospitali. Kipimo cha upande wa mgonjwa kipo, kinaitwa PROM-OPAC (dodoso ambalo mgonjwa mwenyewe anaeleza matokeo ya huduma aliyopata), kilitengenezwa Leicester, Uingereza, mahsusi kwa wazee dhaifu wanaohitaji huduma ya haraka, na wazee wenyewe walihojiwa kwanza.

Kipimo cha udhaifu cha Rockwood, cha ngazi 1 hadi 9, ni kitu kingine: kinaonyesha mtu amedhoofika kiasi gani. Hakisemi anataka nini.

Mimi ni muuguzi wa dharura. Bibi akiletwa ameanguka, sisi tunakimbilia picha ya nyonga, yeye anauliza, "Nitaweza kwenda msalani mwenyewe?" Mwingine anachotaka ni kuelezwa tu kwa nini miguu imeisha nguvu ghafla, na nani atamwangalia akirudishwa nyumbani usiku. Ukimpa fomu ya kuridhika atakujibu "nimehudumiwa vizuri, mwanangu", maana wengi wao hawapendi kumlalamikia aliyewahudumia.

Tahadhari moja: aliyechanganyikiwa ghafla kwa homa au maambukizi hawezi kujaza dodoso saa hiyo. Rudi akitulia. Binti yake akijaza kwa niaba yake, iandikwe wazi kwamba ni majibu ya binti, kwa sababu mara nyingi familia inataka alazwe wakati mzee anataka kurudi kwake.