Kompresheni iwe ngapi kama unabaki na kam ya kiwandani?

Mkuu, umesema unafanya ovaholi ya injini ya lita 2, silinda nne, kompresheni ya kiwandani 9 kwa 1 (yaani hewa na mafuta vinabanwa mara 9), kamshafti, ile shafti inayofungua na kufunga valvu, unaacha ile ile, na kuna jamaa anakushawishi uende mpaka 11 kwa sababu yake inatembea. Usifanye hivyo. Yeye kafunga kam ya mbio, wewe hujafunga.

Iko hivi, hiyo namba 9 au 11 inahesabu silinda nzima kuanzia pistoni ikiwa chini kabisa, ila injini haianzi kubana hapo, inaanza valvu ya inteki ikishafunga, na muda huo pistoni imeshaanza kupanda. Kam ya kiwandani inafunga mapema, tuseme digrii 45 za mzunguko wa injini tangu pistoni igeuke chini, kam ya mbio inachelewa hata 70, kwa hiyo hewa nyingine inasukumwa irudi ilikotoka kabla haijabanwa. Chukua silinda yenye kipenyo milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86, ni kama cc 500, rodi ya pistoni ya milimita 145. Kwa digrii 45 zinabaki kama cc 445 za kubana kweli, kwa 70 zinabaki kama 368 tu. Piga hesabu sasa, kam ya mbio kwenye 11 inabana kama 8.4 halisi, kam yako kwenye 9.4 inabana kama 8.5. Yaani kwa 9.4 tu umeshamfikia! Ukienda 11 na kam hiyo unabana karibu 9.9 na hapo kwa petroli ya kawaida hatari ya kugonga ni kubwa, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua taratibu.

Utaisikia ukiwa gia ya juu, raundi chini, unakanyaga mafuta kwenye mlima, tik tik tik kavu kavu. Nimewahi kuletewa injini ya namna hiyo, nikafungua plagi, kwenye ile kauri nyeupe kuna vidoa kama pilipili manga na kati yake vingine vinang'aa, vile vinavyong'aa ni aluminiamu ya pistoni inaondoka. Mwenyewe alikuwa amesharudisha nyuma taimingi ya plagi kuwasha ili kelele iishe, na ukirudisha taimingi ile nguvu uliyokuwa unaitafuta nayo inaondoka, egzosi inachemka. Na kutoka 9 kwenda 10 kwenyewe kwenye hesabu za makaratasi unapata kama asilimia 3 tu.

Mimi ningekaa 9.4 hivi, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ikiwa ya aluminiamu na una uhakika wa petroli ya okteni 95, yaani inayohimili kugonga zaidi, unaweza kusogea juu kidogo. Gasketi nyembamba zaidi kwa nusu milimita inapunguza karibu cc 3 kwa silinda, inakutoa 9 kukupeleka 9.4 bila kuchonga kitu. Ukichonga hedi na kam iko juu ndani ya hedi, taimingi ya kam inachelewa kidogo na valvu zinasogelea pistoni, weka plastisini juu ya pistoni uzungushe kwa mkono upime.

Kitu ambacho watu hawakipi uzito ni ile nafasi kati ya sehemu bapa ya pistoni na sehemu bapa ya hedi. Ikae kama milimita 1, inachanganya hewa na mafuta vizuri na kupunguza kugonga. Ndiyo maana usije ukaweka gasketi nene ili kushusha kompresheni, unaharibu hiyo nafasi na injini inaweza kugonga hata kwa namba ndogo, bora pistoni yenye shimo juu.

Halafu pima chemba zote nne, yale mashimo ya hedi mafuta yanamowakia, usiamini kitabu. Funga plagi na valvu, paka grisi pembeni, lalisha kipande cha plastiki angavu chenye tundu, jaza kimiminika kwa bomba la sindano ukihesabu cc mpaka povu la mwisho litoke. Moja ikiwa ndogo kuliko wenzake ndiyo itakayoanza kugonga, kwa hiyo zisawazishe kwanza.

Ukishapima weka hapa cc za chemba, umbo la pistoni na unene wa gasketi iliyobanwa, nitakupigia hesabu.