Amri "hukimbizwa" au hutekelezwa?

SWALI: Naandaa mwongozo wa kazini kwa wasimamizi wa seva. Niliandika: "Skripti hii inakimbiza amri kwa seva ya mbali kwa muunganisho wa usalama." Mwenzangu mmoja anataka "inaendesha", mwingine "inatekeleza". Yupi yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, "inakimbiza" iondoe leo hii. Anayekimbizwa ni mwizi au mbuzi aliyeingia shambani. Amri ikikimbizwa, maana yake inafukuzwa.

Hao wenzako wawili wote wana hoja, ila kila kitenzi kina mwenyewe. Mimi huuliza kwanza: nani anatenda? Wewe unaendesha skripti, yaani faili lenye orodha ya amri. Skripti inatuma amri. Seva ndiyo inayotekeleza, maana kutekeleza ni kutimiza ulichoagizwa. Ukiandika "ninatekeleza amri kwenye seva", umejiweka mahali pa anayeamriwa.

Na kujua nani anatenda kuna uzito katika kazi yenyewe. Tazama amri hii ya SSH, njia salama ya kutuma amri kwenye kompyuta ya mbali (echo maana yake "onyesha", na $HOME ni jina linalobeba anwani ya folda yako ya nyumbani):

ssh seva1 "echo $HOME"

Kwa kuwa umetumia alama za mtajo za jozi, kompyuta yako ndiyo inayojaza thamani ya $HOME kabla amri haijaondoka, hivyo utaletewa njia ya folda yako ya hapa. Andika 'echo $HOME' kwa alama mojamoja, na amri itasafiri kama ilivyo, ijazwe kule kule kwenye seva. Mwongozo unaosema tu "amri inatekelezwa", bila kutaja na nani, utampoteza msomaji papo hapo. Nimeona mafundi hodari wakihangaika saa nzima kwa sababu hiyo.

"Kwa seva" nayo haifai. Tunakwenda kwa daktari, tunakata kwa kisu. Seva hapa ni mahali, basi sema "kwenye seva". Na huo muunganisho, yaani SSH, ni njia, nayo hutaka "kupitia".

"Muunganisho wa usalama" unasikika kama simu ya idara ya polisi. Sema "muunganisho salama", na pale unapoeleza usalama huo unatoka wapi, sema "uliosimbwa", yaani ujumbe umefumbwa ili anayedukiza njiani asiusome. Hilo ndilo lililomsukuma mtafiti Tatu Ylönen kuibuni SSH mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake nchini Finland.

"Skripti" iache kama ilivyo, usiibadilishe kuwa "hati". "Hati" tayari ina kazi nyingi: hati ya nyumba, hati ya kiapo.

Basi: "Skripti hii inatuma amri kwenye seva ya mbali kupitia muunganisho salama, na seva inazitekeleza."

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mwongozo wako bila shaka utafika kwenye makosa. SSH hurudisha namba ya kumalizia ya amri ya kule, yaani namba inayoonyesha amri iliishaje; hitilafu ikiwa ya SSH yenyewe, hurudisha 255. Muunganisho ukikataa tangu mwanzo, usiandike "amri imeshindwa". Andika "amri haikufika".