Uliza Tukujibu: "Yeye" hana jinsia, mbona bado tunabaguana?

SWALI: Habari za kazi wapendwa. Niko Nyegezi hapa Mwanza. Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi, jamaa mmoja anasema Kiingereza kinakulazimisha kutenganisha mwanaume na mwanamke hata kwenye kiwakilishi, ila Kiswahili na Kisukuma yeye ni yeye tu, kwa hiyo eti sisi tangu enzi za mababu hatubagui wanawake. Kuna ukweli hapo?

JIBU: Asante sana ndugu yetu, swali zuri kweli. Kwa kifupi, hapana.

Kifini, Kituruki na Kiajemi navyo viko hivyo hivyo, yeye mmoja kwa wote. Sasa angalia, Finland wanawake walipata haki ya kupiga kura na kugombea ubunge mwaka 1906, Uturuki kwenye uchaguzi wa wabunge ni 1934, Iran ni 1963. Sarufi inafanana ila historia kila mtu na yake, na kilicholeta hizo haki ni watu kudai na sheria kubadilishwa, sio kiwakilishi. Na wala usiende mbali, nenda mwaloni Kirumba uone akina mama wanavyohangaika na dagaa toka alfajiri halafu uliza mitumbwi ni ya nani, wengi utaambiwa ni ya wanaume.

Sarufi ina mazoea yake bwana, haifuati imani za watu moja kwa moja. Dagaa amekauka juani, ameingia kwenye gunia, bado kitabuni ni "dagaa hawa wamekauka", anapewa upatanisho ule ule wa watu (japo mtaani wengi tunasema dagaa hizi), na hakuna anayeamini kwamba yule dagaa bado yu hai.

Ila jamaa yako asikate tamaa, maana utamaduni kwenye sarufi upo, tena mwingi, yeye kautafuta pasipo penyewe. Angeenda kwenye kitenzi: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, yaani mmoja ndo mtendaji mwingine anatendwa, na dada akitamka "nimemuoa fulani" watu wanacheka hapo hapo. Hiyo inatoka kwenye ndoa zetu zenyewe, posa inapelekwa na nani, mahari inatolewa na upande upi. Kwa hiyo lugha hiyo hiyo isiyojali jinsia kwenye yeye inaijali sana ikifika kwenye ndoa, na hapa mimi naona ndo pa kubishania.

Halafu heshima. Msukuma akimwamkia mzee asubuhi anasema mwangaluka, ile mwa- ya mwanzoni ni ya nyinyi, anaongea na mtu mmoja kwa wingi. Wafaransa nao wana mtindo huo. Hapo kabla hujafungua mdomo lazima ujue unayeongea naye ni mkubwa au rika lako, kila siku, toka utotoni, na mazoea ya namna hiyo nakubali kabisa yanamjenga mtu.