Kigari kinachoelea bwawa la Nyumba ya Mungu: kibebe, kisivue

SWALI: Habari fundi. Niko Moshi, nalangua samaki Nyumba ya Mungu. Mtumbwi ukifika, makreti hubebwa kichwani kwenye tope hadi kwenye pikapu. Nikinunua kigari cha matairi 8 kinachoelea, naweza kukitumia kuvulia na kubebea?

JIBU: Kubebea, ndiyo. Kuvulia, hapana. Vigari vya namna hiyo kwa kawaida havina propela. Husukumwa na matairi yenyewe yakizunguka, hivyo majini vinakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na upepo ukikaza vinakwenda unakotaka upepo. Wavu nao ukigusa matairi hujisokota kwenye ekseli. Mtumbwi uachie kazi yake.

Mzigo upigie hesabu kabla hujatoa hela. Tuseme kigari ni kilo 600 na tumbo lake ni mita 3 kwa 1.5, yaani mita za mraba 4.5. Kila kilo 45 zitakizamisha kama sentimita 1. Watu wawili kilo 150, makreti matano ya kilo 40: jumla kilo 950, kimezama sentimita 21 hivi. Kutoka hapo maji yalipofika pima hadi tundu la chini kabisa la bodi, ndipo maji yatakapoingilia, si hadi ukingoni. Kibao cha kiwandani kikionyesha uzito wa kubeba nchi kavu na wa kubeba majini, fuata wa majini, ndio mdogo. Barafu ikiyeyuka, maji yatoe, maana hukimbilia upande ulioinama na kuuzamisha zaidi.

Adui mkubwa ni kuvuja kwa sili, yaani mipira inayozuia maji yasiingie kwenye beringi na shafti. Beringi yenye moto ikiingia maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Ngoja habu (vitovu vya magurudumu) zipoe hadi zivumilike kwa kiganja. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyohiyo. Si mchezo: mwaka 1999 huko Hot Springs, Marekani, lori la kuelea aina ya DUKW lilizama, wakafa watu 13. Mpira unaoziba shafti ulilegea, na turubai la juu likawanasa abiria. Chako kisiwe na paa, na kila aliyemo avae jaketi la kuokolea.

Kukwama hutokea wakati wa kutoka: matairi yanagusa tope huku kigari bado kinaelea, hayana uzito wa kung'ata. Tandika kokoto, mwinuko usizidi mita 1 kwa kila mita 7 za njia. Kiangazi maji yakirudi nyuma, kokoto nazo utazifuatisha.