Mtaa wetu upewe jina la Mayu

Swali la wiki linauliza: "Nani wa mji wako anastahili jina lake lipewe mtaa, na kwa nini?" Mimi ni wa Isevya, Tabora, na jibu langu ni mama mmoja aliyetutoka akiwa na miaka 84. Wengi hatukulijua hata jina lake la ubatizo. Tulimwita Mayu, basi.

Alizaliwa Kitunda, akafundisha shule ya msingi, kisha akaenda hospitali ya KCMC, Moshi, kusomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Enzi zake polio ilikuwa ingali inalemaza watoto. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alipatikana mwaka 1996. Wapo watu wazima mjini hapa waliofundishwa naye kutembea kwa magongo. Hayo nimesimuliwa. Niliyoyaona mwenyewe ni ya mwanangu.

Mwanangu wa pili alizaliwa na miguu kifundo, nyayo zimegeukia ndani. Maneno yakaanza: mara mkosi, mara nilimcheka mlemavu nikiwa mjamzito. Mayu, ambaye alikuwa amekwishastaafu, alinikuta nje ya kanisa la Moraviani baada ya ibada, akamfunua mtoto, akaushika unyayo kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu. "Huu unalainika," akasema. "Kesho twende hospitali." Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu.

Tiba yenyewe inaitwa Ponseti, kwa jina la daktari aliyeibuni huko Marekani. Kila wiki mguu hunyooshwa kidogo, ukafungwa hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Huchukua wiki tano hadi nane hivi. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi afikie miaka minne au mitano. Hapo kwenye viatu ndipo wazazi tunapochoka. Mguu umenyooka, mtoto analia usiku, unamvua. Na mguu unarudi ulikotoka.

Kwa hiyo Mayu alipita majumbani jioni. Anapokea uji, anauliza habari za shamba, kisha anasema, "Nileteeni mjukuu wangu na viatu vyake." Anapitisha kidole ndani ya kiatu, anatazama kama mkanda umeacha alama mguuni. Viatu visivyovaliwa alivijua mara moja, lakini sikumsikia akigomba. Alimvisha mtoto mwenyewe, akakaa naye hadi usingizi umchukue. Wakulima wa tumbaku wa Uyui aliwafuata hadi kwenye mabani ya kukaushia, maana msimu wa kuvuna na kukausha mama haachi majani yakaharibika, na kliniki hukosa watu. Vijana aliowafundisha kazi wameniambia alikuwa na sharti moja kwao: kila asubuhi waanze kusoma majina ya wasiofika.

Kanisani alifundisha shule ya Jumapili miaka na miaka. Aliomba ijengwe njia ya mteremko mlangoni ili wenye baiskeli za matairi matatu waingie bila kubebwa. Alipoambiwa fedha hakuna, aliuza mbuzi wake, saruji ikanunuliwa. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kumpa mtaa.

Ninaomba iwe ile njia ya kutoka kanisani kwenda sokoni. Halmashauri ikikubali, tutafurahi sana. Lakini kuna jambo lisilohitaji kikao. Viatu vilivyowabana watoto alivikusanya, akavisafisha na kumpa mwingine, na sanduku lake sasa linatunzwa na akina mama wa usharika wetu. Mwenye mtoto wa miguu kifundo, awe wa dini yoyote, aje. Vijana wa kliniki watampima na kumchagulia vinavyomfaa. Na mwenye viatu vilivyokaa tu ndani, avilete, hasa vile vidogo vya miezi ya mwanzo. Hivyo ndivyo vimepungua.