Irish, Gaelic au Erse: lipi useme na lipi uliache

Mkuu umeuliza, unakuja Belfast kusoma, umesikia lugha ya wenyeji wengine wanaiita Irish wengine Gaelic na unaogopa kumkwaza mtu. Mimi nilianzia Dublin, sasa hivi niko Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, haya nayasikia kila siku.

Ukiwa Ayalandi na unaongea Kingereza, sema Irish tu. Wenyewe wanaiita Gaeilge. Katiba yao ya 1937, ibara ya 8, inaitambua kama lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, Kingereza kinakuja cha pili. Gaelic sio tusi, ila Dublin ukisema Gaelic watadhani unaongelea mpira, maana wana mpira wao wa kubeba mkononi ndio unaitwa hivyo, na kuna wanaokereka kweli, wanaona kama unaifanya lugha yao kitu cha makumbusho wakati nchi ipo na watu wapo.

Sasa njoo huku Donegal uone. Wazee waliozaliwa vijijini Gaeltacht, yaani sehemu ambazo hiyo ndio lugha ya nyumbani, wakiongea Kingereza wanasema Gaelic bila wasiwasi, kwa sababu kwa lafudhi ya kaskazini jina lenyewe ni Gaeilic. Kuna dada mmoja kazini katokea mjini, akamrekebisha mzee mezani eti babu, inaitwa Irish. Mzee akamwangalia, akaweka kikombe chini, akamporomoshea Gaelic mpaka chai ikapoa na yule dada hakuambulia hata neno. Kwa hiyo mwenye lugha akisema Gaelic wewe nyamaza.

Uskoti ni kinyume kabisa. Kule ni Gaelic, wanatamka "galik", na ukiiita Irish umekosea lugha maana ni ndugu tu na hii ya huku. Erse ndio ulikwepe kabisa. Ni neno la Waskoti wa nyanda za chini lenye maana hiyohiyo ya Irish, na kuanzia karne ya 16 hivi walilibandika kwa wenzao wa milimani, yaani mtu yuko kwao Uskoti halafu lugha yake inaitwa ya kutoka Ayalandi, ujue hapo keshafanywa mgeni. Utalikuta kwenye vitabu vya zamani, liache hukohuko.

Kejeli zenyewe hasa utazikuta hukohuko Belfast unakokuja, kwa sababu kule ni Ayalandi ya Kaskazini, iko chini ya Uingereza, na lugha imeingia kwenye siasa za Waprotestanti, ambao wengi wanataka kubaki Uingereza, na Wakatoliki, ambao wengi wanajiona Waayalandi. Wapo wanaoiita lugha ya leprechaun, vile vijitu vya kwenye hadithi. Mwaka 2014 mbunge Gregory Campbell wa DUP, chama kinachotaka kubaki Uingereza, alisimama Stormont, bunge la Ayalandi ya Kaskazini, akasema "curry my yoghurt", anaigiza "go raibh maith agat", yaani asante, ambayo wenzake wa upande wa pili huwa wanamshukuru nayo Spika. Akazuiwa kuongea kwa siku nzima. Na vibao vya mitaa vyenye lugha mbili, mara nyingine utakuta upande wa Irish umepakwa rangi au umekwanguliwa, Kingereza kimeachwa kizima.

Ila usije ukadhani kila Mprotestanti anaichukia, hapana. Belfast mashariki, ngome yao kabisa, kuna mradi unaitwa Turas unafundisha Irish na darasani wamo Waprotestanti wengi tu. Na tangu sheria ya 2022 lugha inatambuliwa rasmi hata huko Ayalandi ya Kaskazini, ingawa ubishi wa vibao bado upo palepale.

Kwa hiyo wewe sema Irish, utakuwa salama popote Belfast. Kama chuo kitakupangia kampasi ya Derry fungua uzi mwingine kabisa, maana huo mji nao una majina mawili na ugomvi wake ni mrefu kuliko huu.