Barua kwa mwanangu: wageni 11, sufuria moja

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako bado linamsumbua, lakini anatembea na sokoni anafika. Barua yako nimeisoma mara mbili ili nisije nikajibu nisichoulizwa. Umesema Idi kubwa mwaka huu ndugu wameamua kuja kwako Bagamoyo, wageni 11 kwa siku nne, na mshahara utakuwa umeshapita. Ukaniuliza: "Baba, nitawalishaje bila kukopa na bila kutia aibu?"

Kuna Idi moja huikumbuki vizuri, ulikuwa darasa la nne. Walikuja ndugu wa Pangani na wa Mombasa, nyumba ikajaa hadi barazani. Mimi kazi yangu ni kupika shughuli za watu, dishi kwa dishi, nikaona haiwezekani mpishi mzima wageni wake wakapewa mbaazi. Siku ya kwanza biriani, ya pili kuku, ya tatu nguru mzima. Vyote viliandikwa kwenye daftari la dukani. Deni lile lilinifika mpaka Mfunguo Sita, watu wanasoma maulidi mimi bado napeleka pesa, na bangili ya mama yako ikaenda humo humo. Hakuwahi kunitajia, na mimi sijawahi kuisahau.

Lakini lililonichoma zaidi ni neno la shangazi yako wakati anaaga. Aliniambia, "Kaka, tumekula vizuri sana, ila wewe hatukukuona." Kweli, siku zote nne nilikuwa uani kwenye moshi. Mwaka uliofuata alipokuja, hata mizigo hajatua, akamwomba mama yako bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa. Kitu ambacho ndani kwetu kilikuwepo siku zote.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: chagua mlo mmoja wa heshima, nao uwe pilau ya mchana wa Idi. Milo mingine yote wape chakula cha nyumbani, chungu kimoja, kiive vizuri, kitoshe, na wewe ukae nao.

Kutosha kunaanzia kwenye kuhesabu. Katika shughuli hatukisii. Nyumba yako siku hizo itakuwa na watu wazima 9 na watoto 6. Watoto wawili wahesabu kama mtu mzima mmoja, unapata 12. Kilo 1 ya mchele inashibisha watu wazima 6, basi wali wa kila mlo ni kilo 2. Unga wa ugali nao kilo 2. Pilau ongeza nusu kilo, maana siku ya Idi mtu hupita na jirani akakaribishwa. Mkeo atakwambia ni kidogo. Mwambie ajaribu kwanza kupima kilo 2 kwenye sufuria aione inavyofura. Wengi wetu tunapika kilo 4 kwa hofu, halafu usiku tunatafuta wa kuumaliza wali, na wali wa nazi haulali, unachacha. Ukibaki, uingie kwenye friji mapema, usikae juu ya jiko mpaka asubuhi kwa joto la pwani, na asubuhi upashwe mpaka utoke mvuke.

Na wapakulie kwenye sinia. Masinia matatu, la wanaume, la wanawake, la watoto. Sahani 15 zina mabaki 15, kila moja kijiko hiki na kile vinavyokwenda kwa kuku. Kwenye sinia mtu anakula mpaka aliposhibia, kinachobaki kinaonekana na kinafunikwa kawa. Maji ya kuosha vyombo pia yanapungua, jambo ambalo mkeo atalishukuru kuliko mimi na wewe tunavyodhani.

Sasa manunuzi, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hesabu ya mwezi inakuhusu. Idi kubwa ni tarehe 10 Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija. Siku hizo mwezi unakaribia kujaa, usiku kuna mbalamwezi, na wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hawapati kitu, wengi hawaingii hata baharini. Ukisubiri wiki ya Idi, dagaa utawakuta wachache na ghali. Wanunue mwanzoni mwa Mfunguo Tatu, giza lingali, uwaanike wakauke sawasawa na uwafunge. Dagaa wakavu wanaoshwa kwa maji ya moto, wanakaangwa na kitunguu na nyanya, na wakitiwa ndimu wanakuwa mboga ya ugali ambayo hata shemeji zako wa Dar watarudia.

Samaki wabichi huna haja ya kuhangaika, unaishi na soko la ufukweni pale karibu na Forodha ya zamani. Ila usiende peke yako. Mnadani fungu kubwa ndilo lenye nafuu, kwa hiyo chukua jirani mmoja mnunue pamoja na mgawane. Vibua, tasi, changu wadogo, wowote waliojaa siku hiyo. Usiende umeshaamua samaki gani. Anayetaka nguru siku ya sikukuu analipa bei ya nguru na ya sikukuu. Vichwa usitupe, ndivyo vinavyotia utamu mchuzi wa ukwaju.

Wageni wako wengi watafika siku ya Arafa, ile ya kuamkia Idi, na watakuwa wamefunga, basi mlo wao wa kwanza ni futari. Usitandaze vitu saba kama Ramadhani ya matajiri. Tende, uji wa mchele wa pilipili manga, na muhogo wa nazi wenye samaki mkavu ndani. Basi. Kilo 5 za muhogo ambao haujamenywa zinatosha. Mtu aliyetoka safari na saumu anataka kitu cha moto kinachoteleza, halafu alale.

Asubuhi ya Idi usimweke mkeo kwenye jiko la chapati. Chapati mbili kwa kila mtu ni karibu kilo 3 za unga, mafuta, na saa mbili amesimama wakati wenzake wanavaa kanga mpya. Nenda jioni ya Arafa kwa mama anayeuza vitumbua mtaani kwenu, mwagizie vya asubuhi. Ukipiga hesabu ya mafuta na mkaa, vya kwake vinakutoka nafuu, na yeye naye anapata sikukuu yake. Chai iwe ya rangi, ya mchaichai na tangawizi. Maziwa wape wazee na watoto wadogo.

Pilau ni kazi yangu, niache nieleze. Watu wanadhani pilau ni nyama. Pilau ni kitunguu na supu. Kwa mchele kilo 2 na nusu, nyama kilo 1 na nusu inakutosha, nusu yake iwe ya mfupa, ikatwe vipande vya ukubwa wa kiberiti. Ukikata mapande makubwa wa kwanza watapata na wa mwisho watatazamana. Chemsha nyama na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka ilainike, na ile supu usimwage tone. Vitunguu nusu kilo, kata vyembamba, vikaange kwa moto wa wastani bila kuondoka, mpaka viwe rangi ya tende. Rangi ya pilau yote inatoka hapo. Vikiungua hata kidogo anza upya, kwa sababu uchungu wake haufichiki. Kisha bizari nyembamba kwa wingi, iliki, mdalasini, karafuu chache na pilipili manga, halafu viazi mbatata kilo 1 vilivyokatwa nusu, nyama, supu, na mchele. Kama mchele ni wa mwaka huu punguza maji, mchele mpya haunywi kama wa zamani. Maji yakikauka, funika na palia makaa juu ya kifuniko. Kachumbari na pilipili ya ukwaju pembeni, na machungwa. Soda usinunue. Machungwa ya Muheza hakuna kinywaji kitakachoyashinda.

Kama majirani watakuletea nyama ya udhhia, ile inayochinjwa Idi, usiirundike yote kwenye sufuria siku hiyo hiyo kwa furaha. Mifupa weka ya supu ya asubuhi ya pili, minofu gandisha. Na wewe mwenyewe usijitie unyonge kwa kutochinja mwaka huu. Udhhia ni ya mwenye uwezo, na hata wenye uwezo ng'ombe mmoja hushirikiana watu 7.

Siku ya tatu na ya nne zibebe mbaazi na kunde. Hapa nakupa siri ya mama yako, naye yuko pembeni anasikiliza ninavyoandika. Zichemshe mara moja tu, kabla wageni hawajafika, bila nazi. Mbaazi kilo 2 loweka usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka zipondeke kwa vidole. Nyanya na ndimu zikae mbali mpaka ziive, zikitangulia mbaazi zinagoma. Zikipoa zigawe mafungu mawili, zigandishe. Fungu moja ni mbaazi za nazi za kifungua kinywa pamoja na mikate, jingine ni mchuzi mzito wa wali wa mchana. Moto umewasha mara moja badala ya mara mbili. Nazi inaingia siku ya kula tu, kwa sababu kinachoharibu chakula upesi ni tui. Na tui lenyewe: ikune nazi, kamua kwa maji ya uvuguvugu, weka tui zito kando, kamua tena upate tui jepesi. Jepesi ndilo la kuchemkia, zito linaingia mwishoni huku unakoroga taratibu lisikatike. Nazi 3 zikikamuliwa hivi zinafanya kazi ya 5. (Mama yako anasema niandike pia kwamba chumvi ije baada ya tui zito. Nimeandika.)

Usiku wape kitu chepesi, viazi vitamu au ndizi mbichi za nazi, au ugali na dagaa wale. Mchana wakishiba hawatakuuliza zaidi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wanalitumia kufukuzia wageni. Mimi nalipenda kwa sababu jembe ni la mwenyeji, hapewi mtu baki. Siku ya tatu mpe shangazi yako mbuzi ya nazi, vijana watumwe samaki na maji, watoto wachambue mchele jamvini. Utaona mazungumzo yanavyoanza watu wakishika kitu mikononi. Hapo ndipo shangazi yako aliponikosa mwaka ule.

Jambo la mwisho ni la pesa, na nakuomba usilionee haya. Wakipiga simu wakauliza waje na nini, usijibu "njooni tu, kila kitu kipo." Waambie ukweli: mmoja sukari kilo 2, mwingine mchele kilo 3, shemeji mafuta ya kula lita 2. Ndugu anayeuliza anataka kweli kujua. Mimi mwaka ule waliniuliza wote, nikawajibu waje mikono mitupu, nikaenda dukani kufunguliwa daftari.

Nakutumia kiroba kwa basi la Jumatano linalopitia Msata, lipokee stendi. Ndani kuna machungwa, mbaazi kilo 2 za shambani kwa mama yako mdogo, papa mkavu nimemfunga kwenye gazeti mara tatu, na unga wa muhogo wa bada kwa ajili ya shangazi yako. Umfanyie siku ya tatu, usimwambie mapema. Na sufuria yangu kubwa ya shughuli iko juu ya kiroba. Kifuniko chake kimepinda upande mmoja, mvuke unatoroka hapo. Ukipalia makaa, upande huo weka jiwe.

Wasalaam,
Baba yako